Dishi Linalotazama Machweo

Jumatatu, 10 Februari

Nilipomaliza shule daftari hili lilibaki na kurasa sitini tupu. Upande mmoja wa jalada kuna mazoezi ya fizikia. Nimeligeuza juu chini, naanzia upande wa pili.

Kila siku saa nne asubuhi Bibi huwasha redio yake, ile ya mkanda wa ngozi aliyoachiwa na Babu. Mshale wake haujasogezwa tangu Babu afariki mwaka juzi. Zamani ilikuwa ikileta stesheni ya kwao, ng'ambo ya mpaka, kwa lugha yao. Siku hizi inatoa mlio kama wa vitunguu vinavyokaangwa, basi. Bibi huinamisha kichwa, husikiliza vitunguu vyake saa nzima, kisha huzima. Macho yake yana ukungu, anaona mwanga tu. Kiswahili amekisema miaka hamsini, lakini tangu Babu aondoke kinazidi kumtoka. Siku nyingine nasikia maneno matatu kwake kutwa nzima: maji, asante, mlango. Lugha yao hakuna anayeijua humu. Mama na Mama Mkubwa wanajua maneno ya kukemea tu, kwa kuwa utotoni ndiyo waliyoambiwa sana.

Leo Mama Mkubwa amepiga simu. Sauti yake haihitaji spika.

"Mama anazimika hapo kwako kama koroboi. Wewe unashinda kazini, huyo mtoto mwenyewe hasemi, nyumba nzima kimya kama maktaba. Jumapili ya tarehe thelathini Machi naja kumchukua."

"Tutaona, dada," Mama akasema. Mama akisema tutaona, ujue ameshakubali.

Mtoto asiyesema ni mimi.

Siamini kama Bibi anazimika. Naamini hana wa kuongea naye. Nimetafuta kwenye simu ya Mama: stesheni ile haijafa. Walifunga mitambo ya zamani, sasa inarushwa kwa setilaiti, bure, pamoja na redio nyingine. Anayeitaka awe na dishi, king'amuzi cha chaneli za bure na subira. Bibi akiipata, hatakuwa mtu wa kuhurumiwa na kuhamishwa. Nina siku arobaini na nane.

Bibi sijamwambia. Nikishindwa, afadhali nishindwe peke yangu.

Jumatano, 12 Februari

Jirani yetu tunayemwita Mwenye Kuku ana dishi la zamani. Amelifanya paa la banda. Nilisimama nyuma ya ua nikarudia sentensi yangu mara tatu: shikamoo, samahani, naomba dishi lako. Alipotokea nikasema, "Shikamoo, samahani, naomba kuku wako."

"Marahaba. Kuku yupi, mwanangu? Mna mgonjwa?"

Nikanyoosha kidole juu ya banda, uso unaniwaka moto. Alicheka mpaka jogoo akajibu. Amenipa, kwa sharti kuku wasinyeshewe. Nimempelekea bati lililokuwa limeegemea choo chetu tangu nazaliwa.

Alhamisi, 13 Februari

Nimesugua kinyesi cha kuku. Kutwa.

Jumamosi, 15 Februari

Madishi yote ya mtaa huu yamefungwa na mtu mmoja, Fundi wa pale kona. Duka lake limejaa televisheni zilizogeuziwa migongo. Nilimwambia nataka kufunga dishi letu mwenyewe, nina dishi, sina jicho wala king'amuzi. Jicho ni kile kichwa kidogo kinachosimama mbele ya dishi kwenye mkono wake na kupokea mawimbi.

"Nani atapanda juu ya bati?"

"Mimi."

"Na nani atapiga kelele kutoka chini, imekuja, imepotea, rudisha kidogo? Maana kazi hii, binti, nusu yake ni spana, nusu ni koo."

Nilitazama miguu yangu.

"Nisikie basi. Sema 'imekuja' kwa nguvu, ukuta wa pili wasikie."

Nilisema. Hata yeye hakusikia.

"Haya, Bi Kimya," akasema, akasogeza debe la skrubu, nati na bolti zilizochanganyika kama mchele na chuya. "Zichambue hizi zote. Ukimaliza utachagua jicho na king'amuzi kwenye lile rundo la marehemu. Akifufuka, wako."

Jumatatu, 17 Februari

Skrubu.

Jumanne, 18 Februari

Skrubu. Ndotoni pia.

Ijumaa, 21 Februari

Marehemu amefufuka. King'amuzi kilikuwa na fyuzi iliyoungua tu. Fundi alikuna kichwa, akasema kama angejua angekiuza.

Bomba la kushikia dishi nimelifunga kwenye ukuta wa nyuma ya jiko. Lazima lisimame wima kabisa, likiegemea kidogo hesabu zote zinaharibika. Sina pima maji, kwa hiyo nilifunga uzi, na mwisho wa uzi nikaning'iniza kitu kizito. Mama aliporudi kutoka kwenye chumba cha ushonaji anakofanya kazi alisimama uani akatazama juu.

"Huo si mkasi wangu wa kitambaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Unaning'inia ukutani kama popo?"

"Unapima wima, Mama."

Alitaka kukasirika. Kisha akafumba jicho moja, akalinganisha uzi na bomba jinsi anavyolinganisha pindo, akasema, "Juu pale sogeza kushoto. Nywele moja." Alikuwa sahihi.

Jumapili, 23 Februari

Siku ya kwanza juu ya bati. Nimegundua kwamba mtu akipanda juu ya paa, mtaa mzima unakumbuka kuwa una shughuli hapo barabarani. Walinisalimia watu ambao hawajawahi kunisalimia. Niliitikia kwa kichwa.

Mpango ulikuwa huu: king'amuzi kina ukurasa wenye mistari miwili, nguvu na ubora, na ubora ukipanda kinalia, tii, tii, tii, kupitia spika ya televisheni. Lakini kutoka juu sisikii. Nasogeza dishi kidogo, nashuka, nakimbilia sebuleni, natazama, narudi, napanda. Mara kumi na tisa. Ngazi yetu inalia kila kipago.

Niliposhuka mara ya ishirini Bibi, ambaye kiti chake kiko chini ya dirisha la sebuleni, akasema, "Unatafuta nini huko juu?"

Maneno manne. Niliyahesabu.

"Natafuta mlio huu uongezeke, Bibi. Ukilia upesi upesi, ndiyo nimefika."

Alisikiliza televisheni kama anavyosikiliza vitunguu vyake. Kisha akainua fimbo, akaigonga kwenye nondo za dirisha. Ngo. Ngo. Polepole. Akanigeuzia uso kama anayeuliza. Kisha akagonga upesi upesi, ngongongongo, mpaka kipande cha rangi kikadondoka.

"Ndiyo, Bibi. Hivyo hivyo."

Nilipanda tena. Mgongo wangu ulikuwa barabarani na masikio yangu dirishani. Sikuhitaji kupaza sauti wala yeye hakuhitaji kuona. Hakugonga hata mara moja, maana hakukuwa na kitu. Lakini kila nilipochungulia chini niliona ncha ya fimbo imetoka kati ya nondo, iko tayari.

Jumanne, 25 Februari

Hakuna.

Jumatano, 26 Februari

Hakuna. Bibi ameniuliza kama leo nitapanda. Alikuwa ameshavaa sweta lake la kutokea.

Alhamisi, 27 Februari

Hakuna. Jua kali. Bati linaunguza magoti kupitia gunia.

Jumamosi, 1 Machi

Leo lazima niandike yote.

Kwa wiki nzima nilikuwa nalitega dishi kwa kubahatisha. Asubuhi nikatazama mtaa kutoka juu, madishi thelathini na zaidi, yote yameelekea linakochomoza jua, kama watu waliopanga foleni dukani. Nikajiambia watu thelathini hawawezi kukosea. Nikalenga kama lilivyolenga dishi jipya la Mwenye Kuku, nikaanza kusogeza, kidogo, kidogo.

Ngo.

Nikashika pumzi. Ngo, ngo. Nikasogeza upana wa kucha. Ngongongongongo! Bibi aligonga kama anayefukuza mwizi. Nikakaza nati, nikashuka bila kugusa vipago vitatu vya mwisho. Ubora themanini na mbili. Nilimshika Bibi mkono, yeye akaushika wangu, akacheka kidogo kwa pua.

Mama alitoka chumbani. Fundi, aliyekuwa akipita, akaingia hadi mlangoni. "Bi Kimya! Umefunga dishi bila koo!"

King'amuzi kilitafuta chaneli. Zikaja nyingi, na kila moja ilikuwa na alama ya kufuli. Zilizokuwa wazi zilikuwa mbili, moja ya kutangaza sufuria, nyingine ya kutangaza hiyo ya sufuria. Redio, hakuna hata moja. Nilikuwa nimeikamata setilaiti ile ile ya kampuni inayolipiwa na mtaa mzima. Yangu iko kwingine. Nilitoa karatasi niliyonakili kwenye simu, nikamwonyesha Fundi. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii iko upande wa machweo."

"Ndiyo."

"Kule hakuna kitu, binti. Kule kuna kilima na ng'ombe. Miaka kumi na mitano nafunga madishi, sijageuza hata moja kule. Acha hapo hapo, mpate hata habari za sufuria."

Mama akasema kwa upole, "Si umeshaonyesha unaweza, mwanangu? Inatosha."

Ningeweza kuacha. Wote walikuwa wananitazama kwa uso mzuri, na mimi nyuso nzuri hazinijii kila siku. Lakini sikupanda juu ili nionyeshe kuwa naweza. Nilichukua spana, nikarudi juu, nikalegeza nati. Chini nikasikia fimbo ikipungua, ngongo, ngo, ngo, kisha kimya. Kimya kile kilikuwa changu, nimekifanya kwa mkono wangu.

Jumatatu, 3 Machi

Dishi letu sasa limeupa mtaa mzima kisogo. Wanawake bombani waliniuliza kama tumegombana nalo.

"Limenuna," mmoja akajibu kwa niaba yangu.

"Hapana, linamngoja mchumba. Atakuja na jua la jioni."

Nilijaza ndoo yangu. Nilikuwa na jibu zuri sana, lilinijia nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Dishi linapaswa kutazama juu kwa nyuzi arobaini na nne. Nimelipima kwa kipimapembe cha shule, nikikiegemeza kwenye uso wa dishi. Ni arobaini na nne barabara. Hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna. Mama Mkubwa amesema ameshatandika kitanda cha Bibi, karibu na dirisha linaloangalia sokoni, asikie watu. Nilikuwa namwona Mama Mkubwa kama mtu wa kuja kupora. Kitanda karibu na dirisha si wazo la mporaji. Ila watu wa sokoni nao watakuwa wanasema Kiswahili.

Mama amenisikia nikipanda ngazi mvua ikinyesha. Hakunikataza. Amenishonea gunia jipya la magotini, lina mifuko ya spana.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimpelekea Fundi jicho alipime, nikidhani ni bovu. Ni zima. "Ubovu uko kwenye uelekeo, Bi Kimya," akasema. Televisheni yake ilikuwa imewashwa, na chini ya picha kulikuwa na maandishi yanayopita: wapendwa watazamaji, wiki ijayo mawasiliano yatakatika kwa dakika chache kila asubuhi kwa sababu jua litapita nyuma ya setilaiti.

"Msimu wa matusi umefika," Fundi akasema. "Kila mwaka mara mbili. Picha zinakatika mtaa mzima, wanakuja hapa. Nawaambia ni jua, wananiambia nimelewa."

Nilisoma maandishi yale yalipopita mara ya pili. Kisha nikajisikia nasema, "Fundi. Kwa hiyo siku hizo jua linasimama mahali penyewe?"

"Penyewe wapi?"

"Ilipo setilaiti. Hatuwezi kuiona, lakini jua tunaliona. Na kama linapita nyuma ya yenu asubuhi, litapita nyuma ya yangu alasiri."

Fundi aliweka chini bisibisi. Mteja aliyekuwa anasubiri pasi yake naye akanyamaza. Sijawahi kunyamazisha watu wawili kwa mpigo.

Nimetafuta kwenye simu ya Mama. Kuna ukurasa unaouliza mji wako na setilaiti yako. Jibu: tarehe 22 Machi, saa tisa na dakika tatu alasiri. Siku mbili kabla na mbili baada zinafaa pia. Baada ya hapo jua halirudi pale mpaka Septemba.

Siku tano, dakika chache kila siku. Na tuko katikati ya mvua.

Jumanne, 18 Machi

Nimevunja kioo cha pochi yangu ya shule kwa makusudi. Vipande vitano, kila kimoja sawa na ukucha, nimevibandika kwenye uso wa dishi kwa nta ya mshumaa. Jua likipiga, kila kioo kitarusha kidoa cha mwanga. Dishi likitazama jua sawasawa, vidoa vyote vitano vitakutana kwenye jicho. Nimemweleza Mama. Amesema, "Kumbe mlikuwa mnasoma kitu huko."

Alhamisi, 20 Machi

Mawingu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua tangu saa sita. Jua limetoka saa kumi, limeng'aa kama linanicheka.

Jumamosi, 22 Machi

Siku yenyewe. Mawingu mazito kama blanketi la jeshi. Nilikaa juu na mwavuli mpaka saa kumi. Bibi naye alikaa na fimbo yake mpaka saa kumi.

Jumapili, 23 Machi

Mawingu. Mama ameanza kukunja nguo za Bibi. Anazikunja, anazikunjua, anazikunja upya.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika haraka haraka, mtanisamehe mwandiko, ingawa sijui nyinyi ni nani.

Asubuhi mvua. Saa saba mvua. Saa nane ikakatika, mawingu yakabaki. Saa nane na nusu Fundi akaja, amefunga duka, amebeba ngazi yake. "Yetu imekatika leo saa tatu asubuhi kama walivyosema," akaniambia. "Kwa hiyo jua linatunza ahadi. Shida ni mawingu." Akaisimamisha ngazi yake kando ya yangu lakini hakupanda. "Dishi ni lako. Mimi nitashika ngazi."

Saa tisa kasoro dakika tano. Nilikuwa nimepiga magoti, spana mkononi, jalada la daftari la kemia kwapani. Upande wa machweo palikuwa na tundu kwenye mawingu, dogo, linakuja taratibu kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Nilikuwa nalisemesha. Njoo. Njoo huku. Ndiyo hapa.

Saa tisa na dakika moja jua likatoka.

Bati zima liliwaka. Nilitafuta vidoa kwenye jicho, hakuna hata kimoja. Nikainua jalada la daftari hewani mbele ya dishi, nikalipandisha, nikalipandisha, na hapo nikavidaka: vidoa vitano vimekusanyika vizuri kabisa, shubiri na nusu juu ya jicho. Kushoto na kulia nilikuwa sawa. Juu na chini nilikuwa nimekosea vibaya.

Ndipo nikaelewa. Jicho la dishi letu haliko mbele ya katikati, liko chini. Mawimbi yanaingia kwa kupinda. Dishi la namna hii halitazami uso wake unakotazama, linatazama juu zaidi. Wiki tatu nimekuwa nikipima uso wake kwa kipimapembe cha shule, barabara kabisa, na lenyewe lilikuwa linatazama juu ya kila kitu.

Nikalegeza nati ya chini, nikaanza kuliinamisha. Likateremka, likateremka, mpaka likakaribia kusimama kama mlango.

"Wewe!" Fundi akaita. "Hilo sasa linatazama ukuta wa Mwenye Kuku!"

"Halitazami ukuta!"

"Naliona kwa macho yangu!"

"NIMESEMA HALITAZAMI UKUTA! SHIKA NGAZI!"

Barabarani mtu aliacha kutembea. Mimi pia nilishtuka, nikafikiri kuna msichana mwingine juu ya paa. Fundi akashika ngazi.

Vidoa vikaingia kwenye jicho kimoja kimoja. Kimoja. Viwili. Vinne. Cha tano kikapanda juu ya wenzake, na jicho zima likang'aa kama jino la dhahabu. Saa tisa na dakika nne. Nikakaza nati ya chini, nikakaza ya pembeni, nikakaza tena. Nikageuza sikio dirishani.

Kimya.

Nikasubiri. Kimya. Ncha ya fimbo iko pale pale kati ya nondo, haisogei. Vidoa viko kwenye jicho, nati zimekaza, kila kitu kiko sawa, na hakuna kitu. Nikaketi juu ya bati lililolowa. Fundi akasema kutoka chini, sauti ndogo, "Pole, binti. Umefanya kazi safi. Labda kule kweli hakuna kitu." Nikabandua vile vioo, nikaviweka mfukoni. Nikaanza kushuka. Nilikuwa kipago cha tatu.

Ngo.

Nikadhani ni ngazi.

Ngo. Ngo. Kisha ngongongo, kisha sijui niandikeje, Bibi alizigonga nondo kama kengele ya shule siku ya kufunga. Fundi alinitazama, mimi nikamtazama, na tukakumbuka pamoja. Yeye ndiye aliyewahi kusema. "Jua!" akapiga paja. "Jua lilikuwa limekalia kiti! Si ndivyo picha inavyokatika! Sasa limeinuka!"

Ubora sitini na nane. Ziliingia chaneli nyingi, na redio thelathini na nne. Nilizifungua moja moja. Muziki. Mtu anahubiri. Lugha ambazo sijawahi kuzisikia. Bibi alikuwa ameketi na fimbo magotini, akidhani kazi yetu imekwisha. Kwenye ya ishirini na tatu mwanamume mmoja alikuwa anasoma kitu kwa haraka, na fimbo ya Bibi ikaanguka sakafuni.

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nimeshaleta na leso. Alisogea mpaka akaweka kiganja kwenye spika. Mwanamume akasema jambo, Bibi akamjibu. Akasema jingine, Bibi akamjibu tena, sentensi ndefu, zinazopanda na kushuka. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Huyu kijana anaongea kama ana kiazi kinywani. Nani alimpa kazi?"

Akacheka. Si kwa pua. Mama alikisikia kicheko hicho mlangoni, akirudi kutoka kazini, na akabaki nje amesimama na mkoba wake, asije akakikatiza.

Jumanne, 25 Machi

Saa nne Bibi hakuwasha redio ya Babu. Ameifunika kitambaa safi. Kuna mchezo wa redio kila siku saa nne na nusu. Mke wa mwenye kinu cha kusaga ameficha barua, mwenye kinu bado hajajua. Bibi amenisimulia wote. Nimehesabu maneno yake mpaka mia mbili, nikaacha.

Jumapili, 30 Machi

Mama Mkubwa amefika na begi kubwa tupu. Jumapili wanarudia mchezo wa wiki nzima mfululizo.

"Mama, shikamoo. Nimekuja."

Bibi akainua kidole. "Sss."

Mama Mkubwa alitutazama sote. Hajazoea kuambiwa sss. Alisimama na begi lake mpaka muziki wa katikati ulipopigwa, ndipo Bibi akasema, "Marahaba. Karibu mwanangu. Umekonda."

"Mama, kitanda chako kiko tayari. Tunaondoka kesho."

"Siwezi. Mchezo haujaisha."

"Mchezo gani? Unaisha lini?"

"Hawajasema. Na mwenye kinu bado hajajua."

"Hajajua nini?"

Bibi alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyepewa mwanafunzi mzito. Akapapasa kiti cha pembeni. "Keti nikueleze."

Mama Mkubwa aliketi saa moja na nusu, begi magotini. Alipokuja jikoni macho yake yalikuwa mekundu, akajifanya ni moshi, na sisi tunapikia gesi.

"Sijamsikia akiongea hivi tangu Baba yupo," akamwambia Mama. Kisha akakaza uso. "Lakini nani atashinda naye? Leo dishi limekubali, kesho mvua ikilizima?"

Mama alifungua mdomo. Nilijua analotaka kusema: tutaona.

"Mimi," nikasema. "Bibi abaki, Mama Mkubwa. Mvua ikilizima nitaliwasha. Najua linakotazama."

Alimgeukia Mama. "Mtoto huyu ameanza lini kusema?"

"Tangu tarehe ishirini na nne," Mama akasema. "Mtaa mzima ulisikia."

Ameondoka na begi tupu. Getini amenivuta kando, akaniambia atapiga simu kila Jumapili jioni kujua kama mwenye kinu ameshajua.

Jumanne, 8 Aprili

Wanawake bombani wananiuliza kama dishi letu linaleta mpira. Nimewaambia hapana, linaleta mchumba, alikuja na jua la alasiri. Nilikuwa na jibu papo hapo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Ubora umeteremka mpaka thelathini, umepanda, umeteremka. Upepo umelisogeza dishi, nadhani. Kiasi cha nywele moja. Nilikuwa nataka kuandika leo kwamba nimejifunza maneno sita ya lugha ya Bibi, na kwamba manne kati yake si ya kukemea, lakini saa nne na nusu imefika, mke wa mwenye kinu ameitwa mbele ya wazee, na nondo za dirisha zinalia.

Spana ziko mfukoni. Napanda.